Salama Ni Sufuri

Siku ya ishirini na nne ya mionzi, Bi Mwanjaa aliulizwa ameamkaje, naye akajibu kama alivyofundishwa na mama yake tangu hajaota meno.

"Salama, alhamdulillahi. Sijui wewe."

Aliyemuuliza hakuwa mtu. Ilikuwa sauti iliyotoka kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, sauti ya mwanamke wa makamo, laini, yenye heshima zake zote. Wagonjwa wa Kituo cha Mionzi cha Kwemdimu walimwita Mlezi, na wazee miongoni mwao walimjulia hali kama jirani. Mlezi akashukuru kuulizwa. Kisha taa ndogo iliyokuwa ya njano ikageuka kijani, na kwenye kioo cha ukutani yakatokea maneno: MAUMIVU SUFURI. DAWA IMEPUNGUZWA.

Binti yake, Sikudhani, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, ameshika bakuli la maji ya chumvi na magadi ya kusukutulia. Alikuwa amefika jana jioni kutoka Tanga kumpokea dada yake zamu ya kuuguza, kwa hiyo hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia salamu ya asubuhi. Alimwona mama yake akimaliza lile neno la mwisho, halafu akaona mkono wake wa kulia ukilikamata shuka na kulikunja polepole mpaka mishipa ikasimama. Bi Mwanjaa hakulia. Hata mate hakuwa nayo, mionzi iliyakausha tangu wiki ya pili. Midomo ilikuwa imechanika pembeni, na ndani, kuzunguka mshono wa ulimi, pale alipopasuliwa kwa saratani, na kwenye mashavu yote mawili, vidonda vyeupe vilikuwa vimeungana kama utandu juu ya maziwa yaliyochemka.

"Mama, inauma?"

Bi Mwanjaa alitikisa kichwa kukataa. Kisha, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa mwanawe wa kumzaa na si mgeni, akabadili mawazo. Akainua vidole vya mikono miwili. Tisa.

Sikudhani alivitazama vile vidole tisa, kisha akaitazama ile sufuri ukutani. Alijua sufuri hiyo ilikotoka. Aliiandika yeye.

*

Mlezi mwenyewe, ukimwondolea hiyo sauti nzuri, ni kibamba chembamba kama ukucha kinachobandikwa juu kwenye kaakaa. Ndani yake mna vifuko viwili vya dawa, kimoja cha ganzi na kimoja cha ile dawa kali ya maumivu, na hudondosha kidogo kidogo kadiri anavyoona inafaa. Muuguzi haruhusiwi kuongeza hata tone moja kutoka nje. Zamani waliruhusiwa, na mgonjwa akapewa na wa zamu ya jioni, akapewa tena na wa zamu ya asubuhi, na baadhi yao walilala wasiamke. Ndipo dawa zote zikafungiwa ndani ya kibamba na ufunguo ukaachiwa mashine.

Tatizo likawa kupima. Kila kihisio walichokiweka kinywani kiliungua na mionzi kabla ya wiki kwisha. Watengenezaji wakakuna vichwa, wakaja na jawabu: Mlezi asipime, asikilize. Awajulie wagonjwa hali mara tatu kwa siku na aamini wanachosema. Maumivu ni yale anayoyasema mgonjwa. Sentensi hiyo iliandikwa kwa rangi ya buluu juu ya mlango wa kila wodi, na ni sentensi nzuri, huwezi kuigombeza.

Lakini mashine haizaliwi na lugha. Miaka mitano kabla ya asubuhi ile, Sikudhani na wenzake hamsini walikaa kwenye jumba moja pale Tanga, wamevaa spika za masikioni, wakisikilizishwa sauti za wagonjwa na kuipa kila sauti namba. "Nakufa mie" ilikuwa kumi. "Panawaka moto" tisa. "Panachonyota" nne. Sikudhani alikuwa hodari, mwepesi wa mkono, na baada ya mwaka mmoja akapewa usimamizi wa kapu zima la maneno ya kujuliana hali: salama, sijambo, mzima, tunaendelea, namshukuru Mungu. Sauti elfu kumi na moja. Zote akazipa sufuri.

Na huyu, jamani, alikuwa mtoto wa Kwemdimu! Alimshuhudia bibi yake akijibu salama mlangoni huku maiti ya babu inaoshwa chumba cha pili. Aliyajua hayo kama anavyoyajua majina ya ndugu zake. Ila ukishaziba masikio na kuketi mbele ya kioo kinachohesabu kasi yako, unaingiwa na ujinga fulani wa kisomi, ule wa kulitazama neno na kumsahau aliyelitamka. Mara moja tu kidole chake kilisita. Mzee mmoja, hakujua wa wapi, alisema "salama" kisha akashusha pumzi ndefu kama mtu anayetua ndoo ya maji kichwani. Sikudhani alirudia kumsikiliza mara mbili. Kisha akambonyezea sufuri, akaenda kunywa chai.

*

Ufunguo wake wa usimamizi ulikuwa bado unafanya kazi. Saa tano ya siku ile ile aliketi kwenye benchi nje ya wodi, akafungua kapu lake la zamani kwenye simu, akalikuta kama alivyoliacha. Akafuta sufuri. Mahali pake akaandika kwamba salamu si jibu: neno lipuuzwe, isikilizwe pumzi iliyo nyuma yake na mkwaruzo wa sauti. Hayo yote Mlezi alikuwa akiyasikia siku zote. Alikuwa hajaambiwa tu kwamba yana maana.

Mfumo ukamuuliza sababu ya mabadiliko. Akaandika: Nilikosea. Ukakubali. Haikumchukua hata robo saa, wala hakumuuliza mtu yeyote, kwa maana kosa lilikuwa lake na aliona ni uungwana kulisafisha mwenyewe.

Saa saba mchana Mlezi alirudi.

"Za mchana, Bi Mwanjaa?"

"Nzuri tu, mwanangu. Sijui wewe."

Taa ikawa nyekundu. Sikudhani hakuwahi kuona nyekundu katika wodi ile. Hapakusikika kitu, dawa ile haina mlio, lakini baada ya dakika kumi ule mkono uliokuwa umelikamata shuka ulifunguka kidole kimoja kimoja, na Bi Mwanjaa akautazama kama anaulizana nao ulikuwa wapi.

"Kuna uji?" aliuliza.

Ulikuwepo, uji wa mchele mwepesi, umepoa. Alikunywa kikombe kizima. Alisema hauna ladha, ni kama kulamba bomba la chuma, lakini alikunywa na akaomba nusu nyingine. Ulimi ulikuwa mzito na maneno yalitoka yamevimba, ila aliyatoa kwa wingi, mwanamke ambaye kwa wiki tatu alisema salama na karibu hakuna jingine. Akauliza habari za mifereji ya shamba. Akauliza kama yule jirani amerudisha jembe. Akamtazama bintiye kichwani.

"Na hicho kilemba umekifungaje? Umekaa kama mtu aliyeng'olewa jino."

"Mama nawe! Ndiyo mtindo."

"Mtindo wa meno, basi."

Upande wa pili wa pazia alilala Mzee Ngoda, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye saratani ya ufizi. Wauguzi walisema hakuwa amelala usingizi wa maana kwa siku kumi na tisa. Sasa alikuwa akikoroma. Alikoroma bila haya, kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake, na wodi nzima ya vitanda arobaini na viwili ilikuwa ikimcheka, kicheko cha vinywa vilivyofungwa ganzi, cha kilevi kidogo. Mtu mmoja aliomba redio. Mwingine alitaka kujua leo ni siku gani.

Sikudhani alikwenda kwenye sinki la kuoshea vikombe, akafungua maji yatiririke, akalia kwa furaha. Tuseme tu ukweli, alijiona amefanya jambo kubwa. Miaka minne ya kosa, na alikuwa amelinyoosha kwa mistari miwili.

*

Asubuhi yake mlango wa chumba cha mionzi ulikuwa umefungwa. Vinyago vya wavu, vile wanavyovalishwa wagonjwa kuwabana vichwa wasitikisike, vilikuwa vimetundikwa ukutani kila kimoja na jina lake, na hakuna aliyevigusa. Muuguzi Kihiyo, mwanamume mrefu mwenye mvi za mapema, alimkuta Sikudhani kwenye benchi, akaketi kando yake bila salamu. Kwa mtu wa pale, kuketi bila salamu ni jambo zito.

"Dada Sikudhani, nimesikia ulikuwa unafanya kazi kule walikomfundisha Mlezi."

"Ndiyo."

"Basi niambie umefanya nini jana."

Akamwambia. Kihiyo alisikiliza mpaka mwisho, mikono imening'inia katikati ya magoti.

"Kuna kitu kinaitwa Ratiba," alisema. "Ndiyo inayopanga nani aingie chini ya mionzi. Mlezi akiandika maumivu yaliyozidi saba, Ratiba inamtoa mgonjwa siku kumi na nne, vidonda vipone kwanza. Waliiweka hivyo kwa huruma, maana huko nyuma kuna waliokufa kwa vidonda kabla ya saratani. Jana jioni imetoa watu arobaini na mmoja."

"Si wapone, kaka? Kuna ubaya gani kupumzika?"

"Kidonda kitapona." Kihiyo alijigusa taya lake. "Na kile kingine nacho kitapona. Saratani ya kinywa haitaki kupumzishwa. Ukiikatiza katikati wiki mbili, zile siku ishirini na nne alizoungua mama yako ni karibu na bure."

Sikudhani alihisi kilemba kimembana kichwa, akakivuta kikamwangukia mabegani.

"Kwa hiyo ulijua. Ulijua kama wanadanganya."

"Hawadanganyi. Wanasalimia." Alisema taratibu, kama mtu aliyejieleza hivyo mwenyewe mara nyingi. "Nilijua, ndiyo. Mwaka wa tatu huu. Napita kila asubuhi, naziona sufuri, naingia choo cha wafanyakazi nalia, nanawa uso, natoka. Wanaoifikia siku ya thelathini na tatu, zaidi ya nusu wanakwenda kwao na miguu yao. Wanaotolewa katikati nimewahesabu pia. Usiniulize."

"Daktari hawezi kuipita hiyo Ratiba?"

"Anaandika barua makao makuu. Jibu huja baada ya mwezi." Akatazama saa ya ukutani. "Ukirudisha ilivyokuwa kabla ya saa sita, Ratiba itahesabu upya na wataingia alasiri wote. Saa sita ikipita, nafasi zinakwenda kwa walio kwenye foleni nje, na hao nao ni wagonjwa."

"Na dawa?"

"Dawa inafuata namba, dada. Ile kali haifunguki mpaka namba izidi saba; chini ya hapo ni ganzi tu, na ganzi vidonda hivi haivigusi. Wewe ndiye unajua zaidi."

*

Bi Mwanjaa alikuwa amekaa kitako, anachana nywele zake chache. Sikudhani alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amejiaminisha njiani kwamba mama anayajua haya yote, kwamba amekuwa akijikaza kwa makusudi ili mionzi isikatizwe, na kwamba litakalobaki ni kumwomba radhi. Akamweleza kila kitu: kapu, sufuri, Ratiba, siku kumi na nne. Mama alisikiliza, kitana kikiwa kimesimama hewani.

"Kwa hiyo nikisema naumwa, wananiweka kando."

"Wiki mbili, mama."

"Na uvimbe?"

"Hauwekwi kando."

"Na nikisema salama?"

"Wanaendelea. Siku tisa zilizobaki. Lakini hutapata dawa ya maana."

Bi Mwanjaa alikiweka kitana juu ya mto. Sikudhani akaona usoni mwake kitu ambacho hakukitarajia. Ilikuwa mshangao mtupu.

"Mimi sikuwa nasema ili waendelee," mama alisema. "Nilikuwa naitikia tu. Mtu akikujulia hali asubuhi, utamtupia mzigo wako hata hajanywa chai?"

Wiki tatu za mateso yale, na hazikuwa ushujaa wala mpango. Zilikuwa adabu.

"Ungeniacha nisijue, mwanangu. Mpaka jana nilikuwa naumwa tu. Sasa nitaumwa na huku nimechagua mwenyewe."

"Nisamehe, mama."

"Rudisha."

"Mama, ni siku tisa. Umeonyesha tisa kwa vidole jana, na bado itapanda, wanasema wiki ya mwisho..."

"Nimesikia. Rudisha." Akamshika kidevu, kama alivyokuwa akimfanyia akimtafuta uchafu masikioni. "Ila wewe usiniulize tena kama inauma. Huyo wa kwenye ubao nitamjibu. Wewe siwezi kukuficha."

Kisha akaonyesha kwa kichwa upande wa pazia. "Na wenzangu?"

Sikudhani alilisogeza pazia. Mzee Ngoda alikuwa bado amelala, kiganja chini ya shavu, kinywa kibovu kimeachama, kifua kinapanda na kushuka bila haraka. Sikudhani alinyoosha mkono mpaka karibu na bega lake. Alitaka kumwuliza. Ilikuwa haki yake kuulizwa, na haki ya kila mmoja wa wale arobaini: Mzee wangu, unataka kulala au unataka kupona? Lakini ilikuwa saa tano na nusu imepita. Angewahi kuwauliza watu watano, pengine sita. Na huyu angemwamsha kutoka kwenye usingizi wa kwanza baada ya siku kumi na tisa ili amwambie kwamba usingizi wenyewe ndio utakaomuua. Kama angesema basi niache nilale, je? Namba ilikuwa moja kwa wote. Asingeweza kumwacha mmoja akalala na kumrudisha mwingine motoni.

Hakumwamsha. Hilo halitamtoka maisha yake yote, kwamba mkono ulifika begani ukarudi.

Kwenye benchi, simu ikiwa mapajani, alifungua kapu. Safari hii hapakuwa na spika masikioni wala kioo cha kuhesabu kasi, na alimjua kila aliyekuwa nyuma ya neno. Salama: sufuri. Sijambo: sufuri. Mzima, sufuri. Tunaendelea. Namshukuru Mungu. Mfumo ukamuuliza sababu ya mabadiliko. Alifikiri sana, na hakupata neno jingine. Akaandika: Nilikosea.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane.

*

Saa saba Mlezi alianza mzunguko wake, kitanda kwa kitanda kutoka dirishani. Dawa ya jana ilikuwa imeshaisha nguvu. Redio ilikuwa imezimwa na mtu. Chumba cha mionzi kilikuwa wazi tena, na Kihiyo alikuwa akivishusha vinyago kimoja kimoja bila kumtazama yeyote usoni.

"Za mchana, Mzee Ngoda?"

Mzee Ngoda alikuwa ameamka. Nyuma ya pazia ilisikika pumzi ndefu ikishuka, pumzi ya mtu anayetua ndoo, na Sikudhani aliitambua pumzi hiyo ingawa hakuwahi kuisikia kwa mzee huyu. Ni pumzi yao wote.

"Salama, mama. Sijui wewe."

Mlezi akashukuru. Taa ya kijani ikapenya kwenye kitambaa cha pazia.

"Za mchana, Bi Mwanjaa?"

Bi Mwanjaa hakuutazama ubao. Alimtazama bintiye. Midomo ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka tena, na upande mmoja wa ule mpasuko ukaanza kutoa damu. Sikudhani alikumbuka kwamba katika maisha yake yote hajawahi kumsikia mama yake akijibu neno hili bila kumshukuru Mungu kwalo.

"Salama," alisema mama.

Hakuongeza kitu. Wala hakuuliza sijui wewe.

Mlezi alisubiri kidogo, kama afanyavyo kwa wazee, halafu akashukuru, na sufuri ikajiandika ukutani. Sikudhani akaiondolea macho ile namba, akaitafuta mikono ya mama yake juu ya shuka ili ahesabu vidole. Bi Mwanjaa alikuwa ameshaiingiza yote miwili ndani ya blanketi.